Taa Iliyosimama Magharibi ya Ogwedhi

Kazi yangu ni kupiga picha za video. Napiga harusi zikipatikana, napiga harambee za kanisa, lakini kinachonilisha ni mazishi. Kwetu mtu hazikwi kimyakimya. Watoto walio Nairobi na ng'ambo wanataka kuona kila kitu: jeneza likiteremshwa, shangazi akizirai, wazee wakisukumana kwenye foleni ya chakula. Siku hizi wanataka pia kuliona boma lote kutoka juu, mabati yakimeta na tenti nyeupe zimejipanga. Ndiyo maana nilinunua droni. Nyumbani ni Rangwe, na kutoka Rangwe nimezunguka mpaka Magunga na mpaka vijiji vya karibu na Tanzania, kamera mgongoni, droni ndani ya sanduku nyuma ya pikipiki.

Mwaka huo, mwezi wa pili, niliitwa Ogwedhi. Aliyenipigia simu ni binti ya marehemu, mshonaji wa nguo mjini Migori. Baba yake alikuwa ameuawa na wezi wa ng'ombe. Walikuja jioni, giza likianza kuingia, wakakata seng'enge, na mzee alipotoka na tochi kuangalia kwa nini mbwa wanalia, wakampiga mshale wa shingo. Wakaondoka na ng'ombe wake karibu wote.

"Njoo upige vizuri," akaniambia. "Kaka yangu yuko Saudia, hawezi kufika. Ataona kwa simu tu."

Ogwedhi ni soko la mifugo, mpakani kabisa na Narok. Siku ya soko watu wa pande zote huuziana ng'ombe pale, wanakula nyama choma kwenye vibanda vilevile, halafu jioni kila mtu anarudi kwao na kufunga boma kwa miiba. Nilifika Alhamisi. Aliyenipokea alikuwa mdogo wa marehemu, mfanyabiashara wa ng'ombe, mwanamume mrefu mwenye sauti iliyokauka kwa kulia. Alinionyesha pale mzee alipoangukia. Damu ilikuwa bado inaonekana kwenye majani, imekuwa nyeusi.

"Siku ile kulikuwa na taa juu," akasema, akinyoosha kidole upande wa machweo, upande wa Uriri. "Taa nyeupe, kubwa. Haikutikisika. Ilisimama pale ikiwaangalia ng'ombe wetu, na kila jioni inarudi. Hao wezi wana mashine za kuruka."

Taa yenyewe nilikuwa nimeiona hata Rangwe, jioni nikitoka dukani na sukari, nikadhani ni taa ya mlingoti wa simu juu ya kilima fulani. Mtu mwenye msiba husema mengi, na mimi kazi yangu si kubishana na wafiwa.

Mazishi yalikuwa Ijumaa kwa sababu marehemu alikuwa Msabato. Kila kitu kilichelewa. Gari lililobeba mwili kutoka Migori lilizama matope njiani, na mhubiri alipomaliza kuomba kaburini jua lilikuwa limeshaanza kuteremka. Sabato inaanza jua likizama. Watu wa kanisa wakakusanya vitabu vyao vya nyimbo, wakamshika mjane mkono mmojammoja, wakaondoka haraka ili wafike makwao kabla ya wakati. Mjane na binti yake wakaingia nyumbani. Waliobaki uwanjani walikuwa wanaume wa ukoo, na hao walikuwa na jambo lao.

Kanisa halikutaka tero buru. Hiyo ni desturi ya Wajaluo ya kukifukuza kifo: wanaume wanachukua mikuki na marungu, wanaswaga ng'ombe wakiimba na kupiga pembe, wanakwenda kukifukuzia kifo porini kisha wanarudi nyumbani kwa marehemu kwa kishindo. Mdogo wa marehemu alisema kaka yake hataondoka kama mwanamke aliyekimbiwa. Ng'ombe wa boma walikuwa wameibwa, kwa hiyo jirani walitoa madume yao. Nikarusha droni, na nakiri ilikuwa picha nzuri. Vumbi jekundu, migongo ya ng'ombe, mikuki inayumba kama nyasi.

Mdogo wa marehemu akaja mbio, jasho likimtiririka. "Shusha hiyo kitu. Nataka mtoto wetu wa Saudia aone pembe."

"Ng'ombe wataogopa, mzee."

"Shusha."

Nikashusha. Ule mlio wa mabawa ya droni ukawaingia ng'ombe masikioni. Dume la mbele, jeusi, likasimama, likageuka, na yote yaliyokuwa nyuma yake yakageuka nalo. Wanaume waliokuwa wakiimba wakajikuta mbele ya pembe. Wengi waliruka kando. Mmoja, shemeji wa marehemu, alibanwa kwenye nguzo ya lango, na dume likamchoma paja na kumwinua, likamtupa juu ya tangi la maji. Alipotua alipiga kelele mara moja tu, halafu akaanza kuhema kama mbwa. Mfupa haukuonekana, lakini damu ilikuja kwa mapigo. Mtu akavua shati akamfunga. Wengine walilifuata lile dume na mikuki wakaliua palepale, wakiendelea kulichoma hata lilipokuwa limeshalala, na mwenye dume alisimama akitazama.

Niliiteremsha droni karibu na mti wa mwarobaini, nikaizima, nikaichukua mikononi. Jua lilikuwa limezama. Anga ya magharibi ilikuwa bado na rangi ya chungwa kwa chini, na juu ya ile rangi, nyeupe kabisa, ikawa imewaka ile taa.

Mtu akasema, "Ile pale."

Vichwa vyote vikainuka. Halafu vichwa vikateremka, vikanigeukia mimi.

"Hiyo ni yako," mdogo wa marehemu akasema.

"Yangu ni hii. Hii hapa, nimeishika."

"Na ile ni ya nani?"

Ningekuwa na akili ningesema ni nyota. Lakini sikujua kwamba ni nyota, kwa sababu nyota ninazozijua mimi ni ndogo na zinachezacheza, na ile ilikuwa kubwa na imetulia. Nikasema kweli. "Sijui."

Pigo la kwanza lilitoka nyuma, rungu, likanipata chini ya sikio. Nilianguka kwa magoti. La pili lilikuja mkononi, na nikasikia mfupa ukivunjika kabla ya kusikia maumivu, sauti kavu kama ya kuni. Droni ikaanguka. Wakaikanyaga, wakaipiga kwa mawe mpaka ikawa vipande, na mtu mmoja akawa anapiga vile vipande peke yake, akilia kwa hasira. Nikapiga kelele, "Tazameni juu. Mmeivunja na bado iko." Kwangu huo ulikuwa ushahidi wa kutosha.

"Ana nyingine," mtu akajibu. "Wanazo nyingi."

Baada ya hapo hawakuniuliza kitu. Walinipiga kwa vile walivyokuwa navyo, na walikuwa na vitu vingi, maana walikuwa wametoka kupigana na kifo na kifo hawakukipata. Viatu vya gumboti. Mpini wa mkuki. Mtu alinipiga usoni kwa jiwe na mdomo ukajaa vitu vigumu, nikavitema, yakawa ni meno. Nilinusa petroli, nikajua pikipiki yangu inachomwa, halafu nikafikiri petroli huwa haiishii kwenye pikipiki. Nikamsikia mmoja akisema, "Leteni tairi." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi.

Aliyeniokoa ni mjane.

Alitoka ndani akiwa amevaa koti la mume wake, ambalo kwetu mjane hulivaa akiomboleza, mikono imemfunika vidole. Alipita katikati ya wale wanaume na kila mmoja akajiondoa njiani. Kwetu mjane ambaye mume wake hajalala kaburini hata siku moja haguswi ovyo. Ana mkosi wa kifo, na anayemgusa kwa nguvu anaupeleka nyumbani kwake. Alijua hivyo na wao walijua. Akaja akanikalia. Si kunilalia, alinikalia mgongoni kama mtu anayekalia kigoda, na mbavu zangu zilizovunjika zikalia, akaweka mikono magotini.

"Anayetaka kumpiga anipige mimi kwanza," akasema.

Mdogo wa mume wake akamsogelea na panga. "Toka hapo, nyar Rangwe." Ndivyo walivyomwita, binti wa Rangwe. Hapo ndipo nilipojua kwamba ametoka kwetu. "Huyu ndiye aliyewaleta."

"Mume wangu nimemzika leo. Ukimwaga damu ya huyu hapa, kesho utanizikia mgeni karibu naye. Nitamwambia nini mume wangu?"

"Tazama juu. Huioni?"

"Naiona. Naiona kila jioni nikipika. Haijawahi kuniibia sufuria."

Aliendelea kukaa. Mtu akamwaga petroli karibu yake, akamrushia matone kwenye koti, akamtisha na kiberiti. Hakuinuka. Binti yake alikuwa ameshampigia chifu, na chifu alipokuja na askari wawili walikuta lile duara la wanaume bado limesimama, na mjane bado amenikalia. Walifyatua risasi moja hewani. Nilipakiwa kwenye pikapu ya kubebea ng'ombe pamoja na yule shemeji aliyechomwa pembe, sisi wawili ubavu kwa ubavu kwenye mavi yaliyokauka. Njia nzima mpaka Migori alikuwa akinilaani kwa Dholuo, polepole, na kila pikapu ikiruka shimo sote wawili tulilia.

Mkono uliwekewa vyuma. Meno matatu ya mbele hayapo. Jicho la kushoto linaona, lakini pembeni pana kivuli ambacho daktari alisema huenda kitabaki, na kimebaki. Mke wangu alipofika wodini alinipita, akaenda mpaka kitanda cha mwisho, akarudi, ndipo akanitambua kwa miguu. Yeye huuza nyanya na mboga sokoni Rangwe na si mtu wa kulia. Alinifuta uso kwa kona ya leso.

"Walikuwa wangapi?" akauliza.

"Sijui. Wote."

"Nitawachomea nyumba."

Alisema hivyo kila siku aliyokuja, akinilisha uji kwa kijiko, na niliona raha kusikia.

Binti ya marehemu alileta kamera yangu kubwa. Ilikuwa imebaki ndani ya nyumba ikichajiwa. Alikaa kitandani akaomba msamaha, akaeleza kwamba baba yake mdogo na wengine wawili wamekamatwa, halafu wameachiliwa kwa dhamana. Nikamwambia sina neno naye. Msamaha wa baba yake mdogo sikuutoa.

Niliporudi Rangwe mke wangu alinitolea kiti nje kila jioni, nipate hewa. Jioni ya kwanza niliinua macho nikaiona. Ilikuwa chini kuliko zamani, karibu na paa la jirani, lakini ni ileile. Nikaingia ndani nikafunga mlango, nikakaa sakafuni na mgongo ukutani mpaka mke wangu alipokuja kuniinua. Kesho yake ikawa vilevile. Siku iliyofuata nikawa na hasira na kule kujificha kwangu. Nikachukua kamera, nikaiegemeza dirishani kwa mkono mmoja mzima, nikaivuta taa karibu kwa zumu mpaka mwisho.

Haikuwa duara. Ilikuwa na pembe mbili, kama mwezi mchanga, mdogo kama ukucha uliokatwa. Nikadhani wamenivunjia na lenzi. Nikajaribu taa ya stima ya barabarani, ikaja sawa. Nikarudi juu, ukucha uleule.

Nilikuwa na namba ya mwalimu aliyenifundisha fizikia sekondari. Amestaafu, anaishi Homa Bay mjini, na hupokea simu kwa kuuliza, "Ni nani aliyekufa?" kwa sababu watu wa umri wake hupigiwa kwa hilo tu. Nikamweleza nilichokiona.

"Hiyo ni Zuhura," akasema. "Sayari. Niliwafundisha na mkaandika kwenye mtihani, ukasahau."

"Mbona ina pembe?"

"Haina mwanga wake. Inawashwa na jua kama mwezi. Inalizunguka jua ikiwa ndani ya njia yetu, na sasa inakuja kupita kati yetu na jua. Upande unaowaka umelielekea jua, sisi tunabaki kuona ukingo. Lakini kwa kuwa iko karibu nasi, huo ukingo peke yake unang'aa kuliko nyota zote. Ukiwa gizani kabisa, hata kivuli inaweza kukutupia."

"Na kwa nini inasimama?"

"Haisimami. Inazama polepole kama jua linavyozama, ila hakuna anayeitazama muda mrefu." Halafu akaniuliza, "Kwa nini unauliza?"

Nikamwambia kwa nini nauliza. Kwenye simu nilisikia akivuta kiti.

"Itatoweka," akasema baadaye. "Nikwambie mapema. Si muda mrefu itateremka mpaka iingie kwenye mwanga wa jua, na hamtaiona jioni tena. Halafu itatokea alfajiri, mashariki. Imefanya hivyo tangu kabla ya watu."

Nilitegemea nipate nafuu kwa kujua. Nilichopata ni hasira mpya, mbaya kuliko ya kwanza. Mtu akikupiga kwa ajili ya ng'ombe, kuna ng'ombe. Mimi meno yangu yalikwenda kwa ajili ya kitu kinacholizunguka jua, ambacho hakijui kama kuna Ogwedhi.

Kikatoweka, kama mwalimu alivyosema. Na binti ya marehemu akanipigia.

"Wanasema tangu upigwe, taa haijaonekana tena," akasema. Sauti yake ilikuwa ya aibu. "Baba mdogo anasema walimpata mtu mwenyewe. Nimeona nikwambie kabla hujasikia kwa wengine."

Nilikuwa nimesikia. Video ya mimi nikipigwa ilikuwa imezunguka kwenye simu za watu, na sokoni Rangwe kulikuwa na wateja wanaomuuliza mke wangu kama ni kweli mume wake alikuwa anafanya kazi na wezi. Mmoja alimwuliza akitabasamu, akichagua nyanya. Mke wangu alimpiga na jiwe la mizani mdomoni. Walipatanishwa na wazee wa soko, lakini yule mama hakuwahi kununua kwake tena, na wengine pia hawakununua.

Mvua kubwa zilipoanza, simu ya binti ya marehemu ikaja tena. Taa imerudi, sasa inatokea alfajiri, na safari hii iko mashariki, upande wa Narok, upande ambao wezi hutokea. Ng'ombe wengine walikuwa wameibwa. Pale kwenye senta ya maduka kulikuwa na fundi wa simu aliyeweka taa ya sola juu ya mlingoti mrefu ili kuwavutia wateja. Wanaume walimtoa kibandani asubuhi, wakamuuliza anawapigia nani ishara, wakamvunja mguu kwa nondo, wakamchomea kibanda na simu za watu ndani yake.

"Huyo ni wa pili," nikamwambia mke wangu. "Wa tatu atakufa."

"Na wewe utakuwa wa tatu."

"Nitawaonyesha kwa kamera."

"Walishakuonyesha wao." Aliweka chini kisu cha mboga. "Baba watoto, ukienda Ogwedhi, mimi siji tena kukulisha uji hospitalini."

Tulizozana siku nzima, tukatupiana maneno ambayo watu waliooana hawatakiwi kutupiana. Asubuhi nilipotoka na kamera nilimkuta ameshavaa, ana kikapu mkononi. Njiani nikaona ndani ya kikapu, chini ya leso, mpini wa panga.

Mjane alitupokea vizuri, akatupikia kuku, akamwita mke wangu dada kwa sababu ya Rangwe. Alikuwa amekonda. Alfajiri ya kwanza mawingu yalifunika kila kitu na hatukuona hata mwezi. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa amepata habari kwamba nipo. Alikuja akasimama nje ya lango na mkuki, akatazama juu, akanitazama, akacheka kidogo.

"Leo haipo. Uko hapa, haipo," akasema, akaenda zake.

Mke wangu aliinuka. Nilimshika kwa mkono wangu mzima.

Alfajiri ya pili mvua ilikuwa imenyesha na kukata, anga safi kabisa. Taa ilikuwa juu ya vilima vya Narok, kubwa, nyeupe. Mjane alimwita shemeji yake yeye mwenyewe. Akaja. Niliweka kamera juu ya ukuta wa zizi lile tupu, nikailenga, nikasogea nyuma ili asiniguse akiinama.

Alitazama muda mrefu. Akainua kichwa, akatazama kwa macho, akarudi kwenye kamera.

"Ni mwezi," akasema.

"Si mwezi. Mwezi uko wapi?"

Nikamweleza kama mwalimu alivyonieleza, kwa Dholuo, kwa maneno machache. Ni sulwe, nyota ya asubuhi, ileile ya jioni. Inaliwa na jua halafu inatokea upande wa pili. Nikamwambia droni haimalizi hata nusu saa hewani, betri inakufa, kwa hiyo akae aone kama hiyo itashuka. Mjane akaleta chai. Tukakaa wote wanne, mkuki wake umeegemea ukuta, kikapu cha mke wangu kiko mapajani mwake na mkono wake umo ndani. Kukakucha. Nyota nyingine zikafa. Taa haikushuka wala haikukimbia. Ilipanda polepole huku ikififia, na jua lilipotoka nilikuwa bado naishika kwenye kamera, ukucha mweupe kwenye anga ya bluu. Nikamwonyesha tena.

"Siku ile kaka yako alipouawa ilikuwa hapo," nikasema. "Na siku ambazo hakuna aliyeuawa pia ilikuwa hapo."

Aliweka kikombe chini. Uso wake ulibadilika, lakini si kwa namna niliyoitarajia. Nilifikiri ataona aibu. Akasema, kama anayejiuliza, "Basi ni nani aliyewaambia mzee yuko peke yake jioni ile?"

Akauliza tena, safari hii akimtazama mjane. Halafu akachukua mkuki wake akaondoka, na hakuniaga.

Habari nilizipata kabla mahindi hayajakomaa. Marehemu na mdogo wake walikuwa na binamu aliyekuwa akichunga nao, mtoto wa baba yao mkubwa, kijana mwenye mke na mtoto mchanga. Kijana huyo alikuwa amenunua pikipiki. Watu wakahesabu siku, wakalinganisha siku aliyoinunua na siku ya wizi. Siku ya soko, mchana, katikati ya ng'ombe na wanunuzi, mdogo wa marehemu alimfuata akamkata kwa panga shingoni na begani, na kijana alipoinua mkono kujikinga akaukata nao. Alikufa kabla ya kufika Migori. Binti ya marehemu aliponisimulia alikuwa hana uhakika kama yule kijana alikuwa na hatia. Polisi hawakupata ng'ombe wala mwizi yeyote. Mama wa yule kijana anasema pikipiki ilikuwa ya mkopo.

Nililala siku kadhaa bila kula. Nilimpigia mwalimu Homa Bay, akaniambia nilisema kweli na kweli haina kosa. Mke wangu alikuwa na lugha nyingine.

"Wakiwa na taa walipiga watu," akasema. "Wakiwa hawana taa wanapiga watu. Kula."

Nikala, lakini sikupata utulivu. Nilikuwa nimewaondolea kile kitu juu kilichokuwa kikibeba lawama, na macho yao yakashuka yakaanza kutafuta uso wa mtu.

Kesi yangu ilisikizwa Migori. Mdogo wa marehemu aliletwa kutoka rumande, pingu mikononi, amenyolewa kichwa, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Nilieleza yote: ng'ombe, shemeji aliyechomwa pembe, taa, rungu, mjane aliyenikalia. Hakimu aliuliza hiyo taa ilikuwa nini, nikasema ni sayari, na watu wachache kwenye mabenchi wakacheka. Mshtakiwa hakucheka. Alipoulizwa kama ana la kuniuliza, akasimama, akanigeukia.

"Wewe nilikupiga bure," akasema. "Sina swali."

Mjane alikuwa amekaa benchi la nyuma. Tulipotoka nje alitusubiri kwenye ngazi, akamshika mke wangu mkono, akaniuliza kama mbavu bado zinauma wakati wa baridi. Nikasema zinauma. Akasema hata yeye siku ile aliogopa kwamba ataniua kwa uzito wake. Tukaenda wote watatu kwenye kibanda kando ya barabara, tukaagiza samaki na ugali, na hakuna aliyezungumzia mahakama mpaka tulipoachana.